Departementi ya Creuse nchini Ufaransa: Maelezo ya Jumla kuhusu Ramani na Watu Wake

1. Utangulizi

Mwanafunzi mmoja alipewa sentensi fupi ya Kifaransa aitafsiri kwa Kiswahili. Sentensi ilisema kwamba préfet wa Creuse ameondoka katika département yake. Naye akaandika: "Mkuu wa shule ya Creuse ametoka katika idara yake." Darasa lilicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa cha haki. Kwetu Kongo, prefe ni mkuu wa shule ya sekondari, wala hakuna mtoto wa Bukavu au Lubumbashi asiyelijua hilo. Katika vyuo vikuu vyetu, département ni kitengo cha kitivo, nasi twakiita idara. Wazee wetu wanakumbuka pia kwamba katika enzi ya Zaire wizara za serikali ziliitwa kwa neno hilo hilo, na mawaziri wakaitwa makomiseri wa dola. Ng'ambo ya mto, katika Kongo-Brazzaville, neno hilo lina maana nyingine tena: ni mgawo wa nchi. Mwanafunzi hakukosea kamusi. Alikosa kujua kitu chenyewe kinachotajwa.

Makala haya yanakusudia kukieleza kitu hicho. Tutatumia neno "departementi" kwa mgawo wa kiutawala wa Ufaransa, kwa kuwa "mkoa", "jimbo" na "wilaya" yana kazi zake tayari, na "idara" hupotosha. Badala ya kuzieleza departementi zote kwa ujumla, tumechagua moja, nayo ni Creuse, iliyo katikati ya nchi, ya mashambani kabisa, ambayo Wafaransa wengi wenyewe hawajawahi kuifikia. Hoja yetu ni hii: departementi zilibuniwa ili kila kipande cha nchi kiwe sawa na kingine, historia ya Creuse yaonyesha yatokeayo pale ambapo ramani inalingana lakini maisha hayalingani.

2. Departementi ni nini?

Kabla ya Mapinduzi ya 1789, Ufaransa ilikuwa na majimbo ya kale yasiyofanana kwa ukubwa, sheria, kodi wala vipimo. Chumvi ile ile ililipiwa kodi kubwa huku na kodi ndogo kule. Bunge la Katiba likaazimia kuufuta utaratibu huo. Mnamo Septemba 1789, Jacques-Guillaume Thouret aliwasilisha mpango wa kuigawa nchi katika miraba iliyolingana, kila upande wa mraba ukiwa na liga 18, yaani kilomita 70 na ushei. Ramani ya miraba haikuweza kusimama mbele ya milima, mito na malalamiko ya wajumbe. Hata hivyo, kanuni ya ulinganifu ilibaki. Mwanzoni mwa 1790 zikaundwa departementi 83, Creuse ikiwa mojawapo, tarehe 4 Machi. Makusudio yalikuwa kwamba raia aweze kuyafikia makao makuu ya departementi yake kwa safari ya siku moja juu ya farasi.

Majina nayo yalichaguliwa kwa makusudi. Majina ya majimbo ya kale yaliachwa ili kumbukumbu ya mabwana wa zamani ififie, na mahali pake pakawekwa majina ya mito na milima, kwa kuwa mto hauna nasaba wala cheo. Creuse ilimegwa hasa kutoka katika jimbo la kale la Marche, pamoja na vipande vya majimbo jirani, ikapewa jina la mto unaoipita. Kwa sikio la Mfaransa, neno hilo lina maana ya kitu kilicho na uwazi ndani. Kweli mto huo hupita katika mabonde membamba yenye kina kirefu, lakini jina hilo limewapa wenye mzaha nafasi ya kusema kwamba departementi nayo ni tupu.

Prefe alikuja baadaye kidogo. Sheria ya Februari 1800, chini ya Bonaparte, iliweka katika kila departementi mjumbe mmoja wa serikali kuu, ateuliwaye kutoka Paris na awezaye kuhamishwa wakati wowote. Kwa muda wa karne moja na zaidi ya nusu, prefe ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa departementi. Sheria ya tarehe 2 Machi 1982 ndiyo iliyogawa madaraka: tangu hapo, rais wa baraza lililochaguliwa na wananchi ndiye aendeshaye mambo ya departementi, na prefe amebaki kuwa mwakilishi wa serikali, msimamizi wa usalama na wa sheria. Baraza hilo hushughulikia misaada ya kijamii, wazee, ulinzi wa watoto, majengo ya shule za sekondari ya chini na barabara za departementi. Tunamwomba msomaji alishike vizuri jambo la ulinzi wa watoto, kwani tutalirudia.

Chini ya departementi kuna wilaya zenye prefe msaidizi, na chini kabisa komini, kila moja na meya wake. Creuse ina komini zaidi ya 250, nyingi zikiwa na wakazi mia chache tu. Makao makuu yake ni mji wa Guéret, wenye watu kama 13,000. Mji wa Aubusson una prefe msaidizi. Bourganeuf na Boussac iliwahi kuwa naye, lakini serikali iliwaondoa mwaka 1926 kwa ajili ya kubana matumizi. Kwa uchaguzi wa baraza, departementi imegawanywa katika kantoni 15 tangu 2015, na kila kantoni huchagua wajumbe wawili, mwanamke na mwanamume.

Kwa hesabu ya kawaida Ufaransa ina departementi 101: 96 barani Ulaya na 5 ng'ambo. Moja ya hizo za ng'ambo yawahusu wanaisimu wa Kiswahili moja kwa moja. Kisiwa cha Mayotte, kilichopata hadhi ya departementi mwaka 2011, kina wasemaji wengi wa Shimaore, lugha ya kundi la Sabaki, ambalo ndilo kundi la Kiswahili. Kwa hiyo, prefe wa aina ile ile aliyeko Guéret yuko pia katika Bahari ya Hindi, miongoni mwa watu ambao lugha yao ni jamaa ya Kiswahili.

3. Ardhi

Creuse ina eneo la kilomita za mraba 5,565. Kusini kuna uwanda wa juu wa Millevaches, nchi ya graniti, baridi, mvua na chemchemi, inayopanda hadi zaidi ya mita 900. Huko ndiko mto Creuse unakoanzia. Huteremka kupitia Felletin na Aubusson kuelekea kaskazini, kisha huingia katika mto Vienne, na maji yake mwishowe hufika katika Loire. Mpakani na departementi ya Haute-Vienne kuna bwawa la Vassivière, lenye ukubwa wa karibu hekta 1,000, lililojengwa katikati ya karne ya 20 kwa ajili ya umeme.

Udongo wa graniti ni duni kwa nafaka, lakini majani hustawi. Kwa hiyo kazi kuu ya shamba ni ufugaji wa ng'ombe wa nyama, hasa wa aina ya Limousin na Charolais. Upande wa kaskazini, mabonde ya Crozant na Fresselines yaliwavutia wachoraji. Claude Monet alikaa Fresselines katika majira ya kuchipua ya 1889. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza kuchora mti mmoja usio na majani, na majani yakachipua kabla hajamaliza, aliomba ruhusa ya mwenye shamba, akawalipa watu wauchume mti mzima. Wenyeji, waliozoea kupokea majira jinsi yalivyokuja, bila shaka walistaajabu.

4. Waashi: wale waliotoka

Ardhi ikiwa duni na watoto wakiwa wengi, wanaume wa Creuse walitafuta riziki mbali. Tangu karne za zamani, na zaidi katika karne ya 19, makumi ya maelfu ya waashi, wachonga mawe na wabeba chokaa walitoka kila mwaka mwezi Machi, wakaenda kwa miguu hadi Paris, Lyon na miji mingine, na kurejea karibu na mwisho wa mwaka. Asubuhi walisimama katika uwanja wa Grève, mbele ya jumba la manispaa ya Paris, wakisubiri kuajiriwa. Usiku walilala katika vyumba vya kupanga, wengi katika chumba kimoja, watu wa kijiji kimoja pamoja. Paris mpya iliyojengwa chini ya prefe Haussmann, kati ya 1853 na 1870, ilijengwa kwa sehemu kubwa na mikono yao.

Huko nyumbani, wanawake ndio waliolima, wakachunga, wakavuna na kulipa madeni. Vitabu vingi husifu waashi. Ni haki tuseme kwamba pasipo wanawake hao, hakuna mwashi ambaye angekuwa na mahali pa kurudi.

Mashuhuri kati ya waashi ni Martin Nadaud, aliyezaliwa 1815 katika kijiji cha La Martinèche. Alitoka kwao mara ya kwanza mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 14, akifuatana na baba yake. Akajiendeleza kwa masomo ya usiku, na baadaye yeye mwenyewe akawafundisha wafanyakazi wenziwe. Mwaka 1849 Creuse ilimchagua kuwa mbunge. Baada ya Louis-Napoléon Bonaparte kunyakua madaraka mnamo Desemba 1851, Nadaud alifukuzwa nchini. Akaishi Uingereza miaka mingi, kwanza kama mwashi, kisha kama mwalimu. Utawala wa kifalme ulipoanguka mwaka 1870, alirudi akiwa prefe wa Creuse. Mtoto wa kubeba chokaa akaingia katika nyumba ya mjumbe wa serikali! Kisha akawa mbunge tena, akapigania fidia kwa wafanyakazi waumiao kazini. Sheria ya jambo hilo ilipitishwa Aprili 1898, miezi michache kabla ya kifo chake. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Bourganeuf mwaka 1895, ni hati muhimu kwa historia ya kazi.

Kipindi hicho cha waashi ndicho pia kipindi cha wingi wa watu. Sensa ya 1851 ilihesabu karibu watu 287,000, idadi ambayo Creuse haijaifikia tena. Mwaka 1856 reli kutoka Paris ilifika Limoges kupitia La Souterraine. Mtu angedhani kwamba reli ingewarudisha watu nyumbani upesi zaidi, ilitokea kinyume. Safari ilipokuwa rahisi, mwashi hakuenda tena peke yake: alimchukua mke na watoto, nyumba ikafungwa. Uhamaji wa majira ukageuka kuwa uhamaji wa moja kwa moja.

Vita vya 1914–1918 viliongeza pengo. Katika kijiji cha Gentioux, mnara wa ukumbusho uliojengwa mwaka 1922 hauna askari mshindi wala bendera. Una sanamu ya mtoto yatima aliyevaa nguo za shule, amekunja ngumi kuelekea maandishi yanayosema: vita vilaaniwe. Kwa miongo mingi wakuu wa serikali hawakutaka kuuzindua rasmi.

5. Wafumaji: wale waliobaki

Aubusson ilichukua njia nyingine. Tangu karne ya 16 mji huo na jirani yake Felletin yajulikana kwa mazulia makubwa ya kutundika ukutani yenye picha zilizofumwa. Mwaka 1665, wakati wa waziri Colbert, warsha za Aubusson zilipewa cheo cha kifalme. Miaka 20 baadaye, mwaka 1685, mfalme Louis XIV alifuta uhuru wa dini wa Waprotestanti. Wafumaji wengi, waliokuwa wa madhehebu hayo, wakakimbilia Ujerumani na Uswisi pamoja na ujuzi wao. Hata fani ya kukaa nyumbani, basi, imewahi kulazimishwa kuhama.

Yafaa tueleze kazi yenyewe. Kitanda cha mfumi cha Aubusson hulala: nyuzi za mtande hutandazwa kwa ulalo, na mfumaji huinama juu yake akipitisha sufi za rangi kwa mkono. Chini ya mtande huwekwa mchoro wa ukubwa ule ule wa zulia. Mfumaji hufuma akiutazama upande wa nyuma, huku sehemu iliyokamilika ikiviringishwa. Ndiyo maana mchoro huwa umegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Na baada ya kazi ya miezi kadhaa, zulia hukatwa kitandani na kuonekana zima kwa mara ya kwanza. Siku hiyo ni sherehe.

Fani hii ilidhoofika katika karne ya 19, kwa kuwa wafumaji walishurutishwa kuiga picha za rangi kwa mamia ya vivuli, kazi isiyo na mwisho wala faida. Tangu 1939 mchoraji Jean Lurçat alisaidia kuifufua: alipunguza rangi, akaandika namba ya kila rangi juu ya mchoro, akaheshimu sufi kama sufi. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza fani ya Aubusson katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2016 ikafunguliwa huko taasisi ya kimataifa ya fani hiyo, yenye makumbusho, mafunzo na warsha.

6. Lugha: mpaka usiofuata ramani

Kwa wasomaji wa jarida hili, Creuse ina mvuto mwingine. Ufaransa ya kale iligawanyika katika maeneo mawili makubwa ya lugha, yaliyopewa majina kwa jinsi watu walivyosema "ndiyo": oïl upande wa kaskazini, oc upande wa kusini. Mpaka huo unapita ndani ya Creuse. Tena si mstari, bali ni ukanda. Wanaisimu huuita ukanda huo "Mwezi Mwandamo" kwa sababu ya umbo lake kwenye ramani. Ndio maana ya jina Croissant alilolitumia Jules Ronjat mwaka 1913. Katika ukanda huo, lahaja zina sifa za pande zote mbili. Kusini mwa Creuse, a ya mwisho ya majina ya kike, ambayo hutamkwa karibu na o, imehifadhiwa. Kaskazini imefifia kama ilivyofifia katika Kifaransa. Vitenzi-jina ambavyo kusini huandikwa kwa -ar, kaskazini hukaribia sauti ya -er ya Kifaransa.

Majina ya mahali yaonyesha jambo hilo hilo katika nchi nzima. Kiambishi cha kale -acum, kilichoonyesha mali ya mtu fulani, kimetoa -ac upande wa kusini, kama katika Boussac, na -y au -ay sehemu nyingi za kaskazini. Hivyo Aurillac na Orly, miji miwili isiyofanana kwa lolote, yana asili moja katika jina Aureliacum.

Waliochora departementi mwaka 1790 hawakuyajali hayo, tena kwa makusudi. Mwaka 1794 Henri Grégoire aliwasilisha mbele ya Bunge ripoti yake mashuhuri juu ya ulazima wa kuziangamiza lahaja na kueneza Kifaransa. Kwa mtazamo wake, raia walio sawa lazima waseme lugha moja. Shule ya lazima ya miaka ya 1881–1882 ilikamilisha kazi hiyo. Katika sehemu nyingi za Ufaransa, mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao alipewa kitu cha aibu, kipande cha mti au kiatu kikuukuu, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Msomaji aliyewahi kuvalishwa "simboli" shingoni katika shule zetu kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hatahitaji maelezo zaidi. Adhabu ile haikubuniwa kwa ajili ya Waafrika. Ilijaribiwa kwanza juu ya watoto wa wakulima wa Ufaransa wenyewe. Sheria ya 1951 iliyoruhusu baadhi ya lugha za asili shuleni ilikuja wakati wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuacha kuzirithisha. Lahaja za Mwezi Mwandamo sasa husemwa na wazee, na watafiti wanafanya haraka kuzirekodi.

7. Watoto: wale walioletwa

Twafika sasa mahali penye uzito kuliko pote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ngome ya Chabannes, karibu na Saint-Pierre-de-Fursac, ilikuwa makao ya mamia ya watoto wa Kiyahudi waliokimbia mauaji. Walimu na wanakijiji waliwafundisha na kuwaficha. Polisi walipokuja kuwasaka Agosti 1942, baadhi walichukuliwa, lakini wengi waliokolewa. Sifa hiyo Creuse inastahili.

Miaka 20 baadaye, departementi hiyo hiyo ilipokea watoto wengine kwa namna nyingine. Kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, kilikuwa koloni hadi 1946, kilipofanywa departementi. Kilikuwa na umaskini mkubwa na watoto wengi. Mashamba ya Ufaransa ya kati yalikuwa yakipoteza watu. Kati ya 1962 na 1984, mamlaka ya huduma za jamii ilihamisha watoto 2,015 kutoka Réunion hadi departementi 83 za Ufaransa ya Ulaya. Michel Debré, waziri mkuu wa zamani na mbunge wa Réunion tangu 1963, alikuwa mtetezi mkuu wa siasa hiyo. Creuse ilipokea watoto 215, zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyo wote huitwa "watoto wa Creuse", hata wale walioishi kwingineko.

Baadhi yao walikuwa yatima. Wengine wengi walikuwa na wazazi, ambao baadhi walitia alama ya kidole chini ya karatasi wasizoweza kuzisoma, wakiamini kwamba mtoto atasoma na kurudi likizo. Watoto walishuka katika baridi, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka kwao, wakapitia kituo cha Guéret, kisha wakagawanywa. Wapo waliopata familia zenye upendo. Wapo waliofanywa vibarua wasiolipwa katika mashamba. Wapo waliobadilishwa majina na kuambiwa uongo juu ya wazazi wao, na ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa wasijuane.

Je, jambo hili liliwezekanaje katika nchi yenye sheria? Sehemu ya jibu imo katika ramani tuliyoieleza. Kwa kuwa Réunion ilikuwa departementi na Creuse departementi, mtoto hakuhesabiwa kuwa amepelekwa ng'ambo ya bahari. Katika karatasi, faili lilitoka ofisi moja na kuingia ofisi nyingine ya aina ile ile. Usawa wa departementi, uliobuniwa ili kumkomboa raia, ulifunika umbali, rangi, lugha na ukoloni wa jana. Mtoto aliyesema Krioli cha Réunion alikuta shule ileile iliyokwisha kuinyamazisha lahaja ya bibi wa Creuse aliyemlea.

Ukimya ulidumu miaka mingi. Mwaka 2002 mmoja wa waliohamishwa aliishtaki serikali, na wengine wakafuata. Tarehe 18 Februari 2014 Bunge la Taifa lilipitisha azimio, lililowasilishwa na mbunge Ericka Bareigts wa Réunion, la kukiri kwamba dola ilikosa wajibu wake wa kimaadili kwa watoto hao. Tume ya wataalamu chini ya mwanasosholojia Philippe Vitale ilitoa ripoti mwaka 2018. Ndiyo iliyothibitisha hesabu tulizozitaja.

8. Creuse ya leo

Creuse ina sasa kama watu 115,000, yaani watu 21 kwa kilomita ya mraba, ambapo mwaka 1851 walikuwa zaidi ya 50. Katika Ufaransa ya Ulaya, ni Lozère tu iliyo na watu wachache zaidi. Wanajiografia huiweka katika ukanda mrefu wa departementi zenye watu haba, utokao kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, ambao umeitwa "mshazari wa utupu". Wenyeji hawalipendi jina hilo: mahali wanapoishi watu si utupu.

Watu wanapopungua, huduma nazo hupunguzwa. Na huduma zikipunguzwa, watu huzidi kuondoka. Oktoba 2004, mameya, madiwani na wajumbe zaidi ya 260 wa Creuse walijiuzulu kwa pamoja kupinga kufungwa kwa ofisi za hazina katika vijiji. Machi 2005 maelfu ya watu kutoka sehemu mbalimbali za nchi waliandamana mjini Guéret kutetea huduma za umma. Tangu uchaguzi wa 2012 Creuse ina mbunge mmoja tu, badala ya wawili. Mwaka 2016 mkoa wake wa Limousin ulimezwa na mkoa mkubwa wenye makao katika mji wa mbali wa Bordeaux. Mwaka 2017, huko La Souterraine, kiwanda cha vipuri vya magari kilichokuwa na wafanyakazi 277 kiliuzwa, na 157 kati yao wakapoteza kazi, baada ya mapambano yaliyoitikisa nchi nzima.

Departementi yenyewe imekwisha kutishiwa kufutwa. Tume iliyoongozwa na Jacques Attali ilipendekeza jambo hilo mwaka 2008. Serikali ya 2014 ilitangaza nia ya kuyavunja mabaraza ya departementi. Hata sasa hayajavunjwa. Wenye kutetea departementi za mashambani husema kwamba kwa mzee anayeishi peke yake mwishoni mwa barabara ya Millevaches, baraza la Guéret ndilo dola analoweza kulifikia. Farasi wa 1790 ametoweka, lakini kipimo cha safari ya siku moja hakijapoteza maana.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba departementi si idara, wala prefe wake si mkuu wa shule. Ni chombo kilichobuniwa kwa fikra njema, kwamba pasiwe na kipande cha nchi kilicho bora kuliko kingine mbele ya sheria. Creuse ilipokea sheria ile ile, prefe yule yule na shule ile ile kama departementi nyingine zote. Hata hivyo ilitoa waashi waliojenga Paris, ikapoteza lugha zake, ikatumiwa kuwapokea watoto wa watu wengine, na sasa inaambiwa kwamba haina watu wa kutosha kustahili ofisi ya hazina.

Nchi yetu nayo ilichora upya ramani yake mwaka 2015, kutoka mikoa 11 hadi 26 pamoja na jiji la Kinshasa, kwa nia ya kumkaribisha mtawala kwa mtawaliwa. Hatudai kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Twasema tu kwamba mstari kwenye karatasi huwa na kazi ndefu kuliko alivyokusudia aliyeuchora. Mtafsiri atakayekutana tena na neno département na ajiulize kwanza ni nani anayeishi ndani ya mstari huo, ni nani aliyetoka, na ni nani aliyeletwa bila kuulizwa. Hapo ndipo neno la Kiswahili litakalofaa litakapomjia.